Kadi za kubuti kwa kompyuta za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanarudia kuuliza kila siku kuhusu kuandaa kadi za kumbukumbu za CF (CompactFlash) na SD za kubutia (kuwashia na kupakia mfumo) mashine za zamani, yaani Amiga, Spectrum, Commodore 64, PC za DOS, mashine za CP/M (mfumo wa kabla ya DOS) na ndugu zao. Karibu matatizo yote mtakayoyaona hapa chini yana mzizi mmoja: kadi imeandaliwa jinsi kompyuta ya kisasa inavyotaka, wakati anayekuja kuisoma ni mashine ya 1987 yenye masharti yake. Ukiliweka hilo kichwani, mengi yanajieleza yenyewe.

## Ya msingi

Kwa nini nihangaike na kadi wakati hadi diski (hard disk) ya zamani bado inazunguka?

Kwa sababu itakufa, na haitakupa notisi. Hadi diski za miaka ya 80 na 90 beringi zinachoka, raba za ndani zinayeyuka na kuwa kama gundi, na siku ikigoma inaondoka na kila kitu. Kadi haina kinachozunguka, haipigi kelele, haichemshi, inakula umeme kidogo sana, na kubwa kuliko yote unaweza kuichukua nzima nzima kama faili moja ukaiweka pembeni. Hiyo nakala ndo faida yenyewe hasa, spidi ni nyongeza tu.

CF au SD, ipi bora?

Inategemea mashine ina njia gani ya kuunganisha. CF ilitoka 1994 na ndani yake ina hali ya kufanya kazi inayofanana kabisa na IDE (njia ya kuunganisha hadi diski), kwa hiyo adapta ya CF kwenda IDE ni waya tupu, pini kwa pini, hakuna chipu ya kutafsiri katikati. CF pia inakubali volti 5 na volti 3.3. Kama mashine yako ina IDE, mfano Amiga 600, Amiga 1200, au PC nyingi za 386 kwenda juu, chukua CF usiumize kichwa.

SD ni volti 3.3 na inaongea lugha nyingine, lazima iwepo chipu au mikrokontrola inayotafsiri. Kwa mashine ambazo hazina IDE kabisa, kama C64, Spectrum au Macintosh za SCSI (njia nyingine ya kuunganisha diski), vifaa vingi siku hizi vinatumia SD na vinafanya kazi vizuri sana. Adapta za SD kwenda IDE zipo pia, ila unaongeza kitu kimoja zaidi cha kukushangaza, mi siipendelei kama CF inapatikana.

Kadi ya ukubwa gani inatosha?

Ndogo kuliko unavyofikiria. DOS nzima inaingia kwenye flopi chache, Workbench (mfumo wa Amiga) hivyo hivyo, na CP/M 2.2 mwisho wake kwa draivu moja ni MB 8. CF ya GB 4 au chini ya hapo inamtosha karibu kila mtu na inakuepusha na mipaka mingi ninayoitaja huko chini.

Kwa SD angalia aina yake pia. Za mpaka GB 2 ni SD ya kawaida, kuanzia juu ya GB 2 mpaka GB 32 ni SDHC, kuzidi hapo ni SDXC ambayo inakuja imefomatiwa exFAT (aina ya mfumo wa mafaili, kama FAT32). Vifaa vya zamani kidogo vinaishia SD ya kawaida, vingi vya sasa vinakubali SDHC, na exFAT ukiiona ifomati upya kuwa FAT32 isipokuwa kama maelezo ya kifaa chako yanasema exFAT inakubalika.

Nimekopi mafaili yote ya mfumo kwenye kadi, yote yapo nayaona, mbona haibuti?

Hili ndo swali namba moja. Kubuti hakuanzii kwenye mafaili. Mashine ikiwaka inasoma sekta ya kwanza kabisa ya kadi, baiti 512, na kwenye PC hiyo sekta ndo inaitwa MBR: baiti 446 za kodi, baiti 64 za jedwali la patisheni nne, na mwisho baiti mbili 55 AA ambazo ni kama muhuri. Hiyo kodi inatafuta patisheni iliyowekewa alama ya kuwa hai, inasoma sekta ya kwanza ya hiyo patisheni, na hiyo ndo inajua wapi pa kupata IO.SYS, faili la kuanzia la DOS. Mafaili ni hatua ya mwisho.

Sasa ukiburuta mafaili kwa mausi hakuna hata moja kati ya hizo sekta linaloguswa. Kadi iliyotoka kwenye kamera inaweza kuwa na jedwali zuri tu la patisheni lakini ile sehemu ya kodi ni sifuri tupu. Ndo maana unaweza kuandika `SYS C:` ikakujibu safi kabisa halafu bado mashine inakaa na kioo cheusi. Amiga nayo haitumii MBR kabisa, ina utaratibu wake, angalia swali la Amiga.

Mashine ambazo kukopi tu kunatosha zipo, ni zile ambazo kodi ya kuanzia iko kwenye chipu ya kifaa chenyewe, kama Spectrum yenye divMMC (kifaa chake cha kusomea SD).

## Kuandaa kwenye kompyuta ya kisasa

Imeji ni nini na naichomaje kwenye kadi?

Imeji ni nakala ya kadi nzima sekta kwa sekta, kuanzia sekta sifuri, ndani ya faili moja. Kwa sababu inabeba mpaka zile sekta za mwanzo, ukiichoma kwenye kadi nyingine unapata kadi inayobuti, mradi mashine ni ya aina ile ile.

Windows wengi wanatumia Win32 Disk Imager, na balenaEtcher inapatikana kwa mifumo yote. Linux unaanza na `lsblk` ujue kadi ni ipi, halafu:

`sudo dd if=kadi.img of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync`

Hapo `sdX` badilisha uweke jina halisi la kadi yako, na ni kadi nzima `sdX`, SI patisheni kama `sdX1`, hilo linawapata wengi sana, imeji inaingia ndani ya patisheni na MBR ya zamani inabaki pale pale juu. Soma hiyo mistari ya `lsblk` mara mbili, linganisha na ukubwa wa kadi, chomoa kadi uangalie ni jina gani limepotea, kwa sababu `dd` haikuulizi kama una uhakika na ukiielekeza kwenye diski yako kuu itaandika juu yake bila neno. Kuchukua nakala ni amri hiyo hiyo, unageuza `if` na `of`.

Windows inaniambia kadi haijafomatiwa, nifomati?

HAPANA. Bonyeza ghairi. Kadi ya Amiga, ya CP/M, au ya Mac ya zamani Windows haiijui, kwa hiyo inaiona kama takataka na inajitolea kuifomati. Ukikubali umefuta kazi yote. Kadi iko sawa, ni Windows ndo haina macho ya kuiona. Na ikitokea zaidi ya mara moja kwa kadi hiyo hiyo ni kawaida, kila ukiichomeka itauliza, wewe kila mara ghairi.

Mac yangu inaacha mafaili yanayoanza na nukta kwenye kadi, yana shida?

Mengi hayana madhara ila yanajaza orodha, na baadhi ya vibrauza vya mafaili kwenye mashine za 8 biti vinayaonyesha yote. Tumia `dot_clean` kabla ya kutoa kadi, na siku zote iondoe kwa utaratibu kabla ya kuichomoa.

## Mashine kwa mashine

PC ya DOS, 386 au 486, hatua ni zipi?

Ushauri wangu ambao sitauacha: fanya kwenye mashine yenyewe. Weka CF kwenye adapta na mashine ikiwa imezimwa, hakikisha jampa ya masta iko sawa na adapta imepata umeme, washa uingie BIOS (programu ya kuanzishia iliyo kwenye chipu ya PC) uifanye itambue kadi. Kama BIOS haina utambuzi wa kujiendesha, weka aina ya 47 na uandike silinda, vichwa na sekta mwenyewe. Kisha:

Buti kwa flopi ya DOS, endesha `FDISK`, tengeneza patisheni ya kwanza, iwekee alama ya kuwa hai, hii hatua watu wanairuka. Zima uwashe tena kwa flopi. Halafu `FORMAT C: /S`. Halafu `FDISK /MBR`, ambayo haipo kwenye msaada wa DOS lakini ipo tangu DOS 5, kazi yake ni kuandika ile kodi ya baiti 446 tuliyoongelea na kuliacha jedwali la patisheni kama lilivyo. Toa flopi, washa.

Mipaka ya kukumbuka ni hii. MS-DOS 6.22 inaishia FAT16, patisheni isizidi GB 2. FAT32 inaanza na ile DOS 7.1 iliyokuja na Windows 95 OSR2, au FreeDOS. BIOS za zamani zinaishia silinda 1024, vichwa 16, sekta 63, ukizidisha na baiti 512 unapata 528,482,304, ndo ule mpaka maarufu wa MB 504. Kadi kubwa zaidi mara nyingi bado itafanya kazi, utaona tu hizo MB 504 za mwanzo, lakini BIOS nyingine zinaganda kabisa zikiona kadi kubwa.

XT au 286 isiyo na IDE je?

Hapo unahitaji kadi ya upanuzi yenye XTIDE Universal BIOS. Za aina ya XT-CF zinatumia uwezo wa CF kuhamisha data kwa biti 8, ndo maana CF inafaa na hadi diski nyingi za IDE hazifai pale. Hiyo BIOS inatambua kadi yenyewe, huingizi namba za silinda, na inasaidia pia kwenye 486 zenye ule mpaka wa MB 504. Baada ya hapo hatua za DOS ni zile zile za swali lililopita.

Amiga 600 na 1200?

Amiga haitafuti MBR, inatafuta kitu kinaitwa RDB ndani ya bloku 16 za kwanza, na humo ndo zimeandikwa patisheni, ipi inabuti, kipaumbele chake, na hata draiva ya mfumo wa mafaili. Njia rahisi ni WinUAE, emyuleta ya Amiga kwenye Windows. Kwanza futa kadi kwa `diskpart` na amri ya `clean`, hakikisha umechagua diski sahihi jamani, usiifomati baada ya hapo, iache tupu. Endesha WinUAE kama msimamizi, ongeza kadi kama hadi diski kwenye kontrola ya IDE ya A600/A1200, ruhusu kuandika, buti flopi ya kusakinisha na fungua HDToolBox, programu ya kugawa patisheni. Usishangae IDE ya Amiga kuitwa `scsi.device`, ndo jina lake.

Vitu vitatu vinavyoumiza watu. Kwanza, Kickstart (ROM ya Amiga) 3.1 kushuka chini haiwezi kufika zaidi ya GB 4, na ukiweka patisheni ikavuka hapo haikatai, inazunguka na kuandika juu ya mwanzo wa kadi, unakuja kugundua baadaye kila kitu kimeharibika. Pili, weka MaxTransfer (kiasi cha juu cha data kuhamishwa kwa mara moja) iwe `0x1FE00` kwa kila patisheni. Hizo ni sekta 255 kamili, na usipoweka utaona mafaili madogo yanafunguka vizuri wakati makubwa yanakopiwa na kuharibika kimya kimya. Tatu ni kwa wenye A600: Kickstart 37.299 haina msaada wa IDE hata kidogo, kadi yako inaweza kuwa kamilifu na haitaonekana kamwe. Unahitaji 37.300 au zaidi.

ZX Spectrum yenye divMMC?

Hii ndo rahisi kuliko zote. Fomati SD kuwa FAT16 au FAT32, kopi folda za `BIN`, `SYS` na `TMP` za esxDOS (mfumo unaoendesha divMMC) ziwe juu kabisa ya kadi, zisiwe ndani ya folda nyingine, washa. Ikiganda mwanzoni kabisa karibu kila mara sababu ni toleo: esxDOS iliyo kwenye chipu ya kifaa na iliyo kwenye kadi lazima ziwe namba moja. Kitufe cha NMI kinakufungulia orodha ya mafaili.

Commodore 64 na SD2IEC, mbona haibuti yenyewe?

Haijawahi kubuti yenyewe hata na flopi. C64 inawaka kwenye BASIC na wewe ndo unaita programu: `LOAD"*",8,1` au `LOAD"$",8` kisha `LIST` kuona orodha. SD2IEC, kifaa cha SD kinachokaa mahali pa draivu ya flopi, inataka FAT32 ya kawaida tu na imeji za D64 (za flopi za C64) ndani yake, hakuna cha kuandaa zaidi. Kuna gemu zinazogoma kwa sababu zinatuma kodi yao ikaendeshwe na prosesa iliyo ndani ya draivu ya flopi ya 1541, na SD2IEC haina hiyo prosesa. Hakuna namna ya kufomati kadi itakayobadilisha hilo.

RC2014 na mashine nyingine za CP/M?

Kadi ya CP/M kwa kawaida haina FAT wala kitu kinachosomeka na PC, kwa hiyo unachoma imeji kuanzia baiti ya kwanza. Ukitumia RomWBW (programu ya ROM ya mashine hizi) kadi inagawanywa vipande vya MB 8 na unachagua kipande kipi kiwe draivu ipi. Kuweka na kutoa mafaili kutoka Linux tumia cpmtools, ila lazima uiambie mpangilio sahihi wa diski, ukikosea mpangilio utaona majina ya mafaili vizuri na yaliyomo yakiwa uchafu. Mashine hizi pia zinachagua CF, aina moja inakubali nyingine inakataa bila sababu inayoonekana, kuwa na mbili tatu za watengenezaji tofauti.

Macintosh ya SCSI?

Kwa BlueSCSI (kifaa kinachoiga hadi diski ya SCSI kwa kutumia SD), SD inabaki na FAT32 au exFAT na hadi diski ni faili moja ndani yake. Jina la faili ndo mipangilio: `HD10.hda` maana yake hadi diski, namba ya SCSI 1. Mtego uko hapa, imeji iliyokuwa inafanya kazi kwenye Mini vMac (emyuleta ya Mac) haitabuti kwenye Mac halisi, kwa sababu ni ujazo mtupu, haina jedwali la patisheni wala draiva ya SCSI ambayo Mac halisi inaisoma kutoka kwenye diski yenyewe. Lazima iwekwe kwanza ndani ya imeji yenye hivyo vitu.

## Ikigoma

Nimeandaa kwa kisoma kadi cha USB, emyuleta inabuti, PC ya zamani inasema "Missing operating system". Kwa nini?

Jiometri, yaani hesabu ya silinda, vichwa na sekta, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ukielewa hili umeokoa masaa. Programu za kisasa zinaanzisha patisheni kwenye sekta ya 2048. Kompyuta yako inaiona kadi kama ina vichwa 255 na sekta 63, kwa hiyo inaandika kwenye jedwali kwamba patisheni inaanza silinda 0, kichwa 32, sekta 33. BIOS ya 486 inaiona kadi hiyo hiyo ina vichwa 16. Inaambiwa nenda kichwa cha 32, hakipo. Kwa hesabu ya vichwa 16 sekta hiyo hiyo iko silinda 2, kichwa 0, sekta 33. Data ipo, anwani ndo imeandikwa kwa ramani ya mtu mwingine.

Dawa ni kugawa patisheni kwenye mashine itakayotumia kadi, au kwenye emyuleta uliyoipa jiometri ile ile. Kama BIOS ina chaguo la LBA (kuhesabu sekta kwa namba moja mfululizo) liwashe kabla ya FDISK, na ukishagawa usilibadilishe tena.

Ujumbe "NO ROM BASIC" unamaanisha nini?

Kwenye BIOS nyingi za AMI ni kwamba hakuna patisheni iliyowekewa alama ya kuwa hai. Rudi FDISK, chaguo la 2.

Kadi haionekani ikiwashwa, nikiriseti inaonekana.

Kadi inachelewa kuwa tayari na BIOS imeshapita. Kama BIOS ina hesabu ya memori ya kurukwa, usiiruke, hiyo inakupa sekunde chache. Ikishindikana badilisha kadi.

Nitajuaje kadi ni feki?

Kadi feki inatangaza ukubwa isiokuwa nao, unaandika vizuri, ukisoma hupati. Windows tumia H2testw, Linux na Mac tumia `f3write` na `f3read`. Zinajaza kadi nzima halafu zinasoma kurudi. Fanya hivi KABLA ya kuandaa, kwa kila kadi mpya, hata uliyoinunua kwa muuzaji unayemwamini.

## Kona kona

Naweza kuchomoa CF wakati mashine inawaka?

Kwenye adapta ya IDE hapana, IDE haikutengenezwa kwa hilo. Zima kwanza. Na ikiingia kwa shida usilazimishe, kuna pini 50 nyembamba humo ndani na zikipinda kazi yake ni mbaya. Tundu la PCMCIA la A600 na A1200 ni habari nyingine, lile limetengenezwa kwa kuchomeka na kuchomoa, ndo maana watu wanalitumia kuhamisha mafaili kwa kadi ya pili yenye FAT, ukiweka `compactflash.device` (draiva ya kadi) na fat95 (ya kusoma FAT).

Imeji ya kadi ya GB 4 inakataa kuingia kwenye kadi nyingine ya GB 4.

Kwa sababu "GB 4" ya mtengenezaji huyu na ya yule hazilingani kwa sekta kadhaa. Kuepuka hili, unapogawa patisheni mara ya kwanza acha nafasi tupu mwishoni, hata MB 100, halafu ukichukua nakala unaweza kukata imeji inapoishia patisheni ya mwisho. Kwenda kwenye kadi kubwa zaidi hakuna shida ya kutosha nafasi, ila kwa DOS soma tena swali la jiometri, kadi kubwa inaweza kupewa hesabu tofauti ya vichwa.

Kadi moja inaweza kubuti mashine mbili tofauti?

PC mbili za DOS zinazoona jiometri sawa, ndiyo. Amiga mbili, ndiyo, kama Kickstart ya kila moja inaukubali mfumo wa mafaili uliotumia. Amiga na PC kwa kadi moja usijaribu, kadi ni bei ndogo kuliko muda wako.

Mifumo yenyewe naipata kihalali wapi?

FreeDOS ni huria tangu ilipoanza 1994. CP/M, mwenye haki zake alithibitisha 2022 kwamba inaruhusiwa kutumika na kusambazwa. Microsoft wametoa kodi ya MS-DOS 1.25, 2.0 na, mwaka 2024, 4.00 kwa leseni ya MIT, ila 6.22 haimo. Kickstart na Workbench za Amiga bado zina wenyewe na zinauzwa, kwa hiyo imeji zilizojaa kila kitu zinazozunguka mtandaoni nyingi zimebeba vitu visivyo na ruhusa. Ukiwa na flopi zako halisi, zisome uzifanye ADF (imeji za flopi za Amiga) na usakinishe kwa WinUAE kama nilivyoeleza kwenye swali la Amiga.